Namba Bila Mahali

Tuanze na kadi. Desemba 2018 Rais John Magufuli aliwakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000 vya wajasiriamali wadogo wakavigawe. Kimoja kiliuzwa shilingi 20,000, na aliyestahili kukinunua ni mtu ambaye mauzo yake hayavuki shilingi milioni 4 kwa mwaka. Gawanya milioni 4 kwa siku 365, unapata kama shilingi 11,000 kwa siku. Hayo ni mauzo, si faida: humo mmo mtaji wa kesho, nauli na unga wa jioni. Mtu wa kiwango hicho sheria ya kodi ya mapato ilikuwa haimdai hata senti. Sasa alitoa 20,000 yake kwa ajili ya nini? Wako waliosukumwa, hilo tusilifiche, maana viongozi waliopewa mzigo wa kadi walitaka uishe. Lakini wako pia waliozipokea kwa furaha, na walichokuwa wananunua hakikuwa usajili. Walikuwa wananunua kutosumbuliwa. Mgambo akifika, unatoa kadi, anapita. Kisha haikupita miaka mitatu. Oktoba 2021 wamachinga wa Dar es Salaam na miji mingine wakaondolewa kando ya barabara na kuelekezwa kwenye maeneo yaliyotengwa, na mwenye kadi akakunja turubai lake sambamba na asiye na kadi. Kadi ilikuwa na namba. Haikutaja mahali.

Hoja yangu imo katika nafasi hiyo tupu ya kadi. Tumezoea kuzungumza juu ya biashara ndogo kana kwamba ugonjwa wake ni kutoandikwa, na dawa yake ni kuandikwa: apewe namba ya mlipakodi, apewe leseni, aingizwe kwenye mfumo, maendeleo yatafuata. Mimi nadai kwamba biashara ndogo haiujengi mtaa kwa sababu imesajiliwa, wala haiubomoi kwa sababu haikusajiliwa. Inaujenga kwa kukaa. Kinachogeuza meza ya nyanya kuwa sehemu ya uchumi wa kata ni miaka ambayo meza hiyo imesimama pale pale, ikajulikana, ikaaminiwa. Usajili usiogusa suala la mahali unaweza kuwa na faida kwa mwenye daftari la takwimu, ila kwa mwenye meza haubadilishi kitu kikubwa.

Neno lenyewe linasaidia. Rasmi tumelipata kwa Waarabu, na kwao rasm ni mchoro, alama iliyotiwa. Wingi wake, rusum, ni ada na ushuru pia. Yaani tangu asili neno hili lina mambo mawili tumboni, kuchorwa na kutozwa. La tatu, kupewa kitu kwa kule kuchorwa na kutozwa, halimo. Istilahi ya sekta isiyo rasmi tunayoitumia leo ilitokana na kazi ya Mwingereza Keith Hart, mwanaanthropolojia aliyechunguza wahamiaji wa mjini Accra, Ghana, akaisoma mbele ya wenzake mwaka 1971. Mwaka uliofuata Shirika la Kazi Duniani, ILO, likaitumia kwenye ripoti yake juu ya ajira nchini Kenya, na kutoka Nairobi neno likaenea duniani. Ripoti ile ya 1972 ilisema wazi kwamba watu hawa wanafanya kazi yenye tija, na kwamba kinachowarudisha nyuma ni bughudha za wenye mamlaka. Nusu karne imepita. Mwaka 2018 ILO hiyo hiyo ilikadiria kwamba kati ya kila watu 100 wenye kazi barani Afrika, karibu 86 wamo kwenye ajira isiyo rasmi. Ukisikia asilimia ya namna hiyo, jiulize kidogo: jambo linalofanywa na watu 86 kati ya 100 linaitwaje si la kawaida?

Twende kwenye meza yenyewe. Inasemwa kwamba mfanyabiashara mdogo halipi kitu na hafuati kanuni yoyote. Mfuate muuza genge kwa siku moja uhesabu. Kuna anayelipwa kwa kulinda mzigo usiku. Kuna hela ya stoo, hela ya choo, hela ya maji, hela ya taka, hela ya taa. Kama yuko sokoni kuna ushuru wa kila siku. Kama yuko mbele ya nyumba ya mtu, mwenye nyumba ana chake. Kama yuko pembeni ya barabara, kuna mkono unaopita kwa siri, na mkono huo hautoi risiti. Sehemu yenyewe, kile kipande cha ardhi cha hatua mbili kwa tatu, mara nyingi ameinunua kwa aliyemtangulia, kwa bei inayojulikana na kila mtu wa pale ingawa haimo kwenye kitabu chochote. Kanuni nazo zimejaa: nani anauza nini, nani anaanza kupanga saa ngapi, mgeni anaomba kwa nani kabla ya kutandika, akiugua mtu meza yake inashikwa na nani. Hii si hali ya kukosa utaratibu. Ni utaratibu ambao malipo yake hayamfikii mwenye wajibu wa kuleta huduma, na anayeulipia hana pa kwenda kudai.

Na ndani ya utaratibu huo kuna kitu kimoja ambacho mabenki yetu hayajawahi kukiweza: mali kauli. Kijana anayetandika nguo au vyombo mara nyingi hana mtaji hata wa robo ya mzigo alionao. Ameuchukua asubuhi kwa tajiri wa duka la jumla kwa neno la mdomo tu, jioni atapeleka fedha ya vilivyouzwa na kurudisha vilivyobaki. Hakuna hati, hakuna wakili, hakuna riba. Ukimuuliza yule tajiri dhamana yake iko wapi, atakuonyesha kwa kidole: kijana anakaa pale, kushoto kwa fundi viatu, mwaka wa nne huu. Meza ndiyo dhamana. Upande wa pili wa meza hiyo kuna wateja wanaokopa unga na mafuta wiki ya mwisho wa mwezi, majina yao yameandikwa kwenye daftari lenye madoa ya mafuta hayo hayo, nao wanalipa kwa sababu watapita hapo kesho na keshokutwa. Pembeni kuna upatu wa wanawake kumi wanaochanga kila siku na kupokezana, na kijumbe wao, mkusanyaji wa michango hiyo, anawaamini kwa sababu anawaona. Mikopo yote mitatu, wa juu, wa chini na wa pembeni, imefungwa kwenye mti mmoja, na mti huo ni mahali. Sasa mwondoe mtu huyo umpeleke kilomita tano. Hata kama hukuharibu nyanya yake hata moja, umemnyang'anya mtaji mkubwa kuliko wote aliokuwa nao. Tajiri hamwoni tena. Wadaiwa wake hawampitii tena. Kijumbe atamtafuta mwingine. Atakachobaki nacho ni wale wakopeshaji wa mitaani ambao Watanzania kwa uchungu wamewaita kausha damu, na jina hilo halihitaji ufafanuzi.

Hapo ndipo ninapoona uhusiano na maendeleo ya mtaa, na ndipo watu wa mipango wanapoukosea. Wao hupima mchango wa biashara kwa kodi inayofika hazina. Hiyo ni sehemu ya hesabu. Sehemu nyingine ni mzunguko: shilingi iliyotumika gengeni inalala wapi? Inamlipa bodaboda aliyebeba tenga kutoka sokoni, inamlipa mama ntilie aliyemlisha bodaboda, inamlipa mwenye chumba wanachopanga wote wawili, inalipa fundi cherehani, inalipa daftari na kalamu. Mzunguko huo haupiti mbali na mtaa. Pamoja na hayo kuna kudumu. Katika miaka ya 2010 tuliona maduka makubwa ya kisasa, yenye kila karatasi inayotakiwa, yakija na kuondoka. Shoprite ya Afrika Kusini iliuza maduka yake ya Tanzania kwa Nakumatt ya Kenya mwaka 2014. Uchumi, nayo ya Kenya, ilifunga maduka yake hapa nchini Oktoba 2015. Halafu Nakumatt yenyewe ikaporomoka ikiacha wasambazaji wakidai. Sisemi genge liliwashinda. Walikuwa na madeni na makosa ya uendeshaji ya kwao. Nasema tu kwamba mtaa uliowategemea ulipigwa na uamuzi uliofanywa mbali, siku ile ile kitunguu kilipokuwa kinapatikana kama kawaida kwenye meza isiyo na jina.

Historia yetu wenyewe imelijaribu jambo hili zaidi ya mara moja. Sheria ya Nguvukazi ya 1983, wakati Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ilitazama watu wa mjini wasio na ajira ya mshahara kuwa wazururaji, wakakamatwa na kupelekwa vijijini. Wengi walirudi. Walirudi kwa sababu mji wenyewe ulikuwa unawahitaji. Aili Mari Tripp, mtafiti aliyekuwa Dar es Salaam mwishoni mwa muongo ule na ambaye kitabu chake kilitoka 1997, alieleza jinsi mshahara wa mtumishi wa serikali ulivyokuwa umepoteza thamani kiasi kwamba nyumba zilikuwa zinaendeshwa na miradi: maandazi ya mama, kuku wa uani, barafu za watoto. Aliyekuwa anasaini barua ya kuwaondoa wazururaji huenda chai yake ya asubuhi ilinunuliwa kwa hela ya maandazi. Baadaye serikali ikalegeza, watu wakapewa leseni ambazo mitaani ziliitwa za nguvukazi, na enzi ya Rais Mwinyi, aliyebatizwa Mzee Ruksa, ikafungua milango. Angalia lakini kwamba ruksa ni ruhusa tu. Anayekuruhusu leo anaweza kukukataza kesho, na ndivyo ilivyokuwa, operesheni baada ya operesheni, hadi leo.

Jaribio lililofuata lilikuwa la zege. Machinga Complex pale Karume, Ilala, ni majengo ya ghorofa yaliyojengwa kwa mkopo kutoka mfuko wa hifadhi ya jamii, ili wamachinga wakae humo kwa heshima. Kwa miaka mingi vizimba vya ghorofa za juu vilikaa vitupu, huku wamachinga wakitandika chini, nje ya jengo lenye jina lao. Wakasemwa kuwa ni wakaidi. Lakini mteja wa mmachinga ni mpita njia. Anatoka kwenye daladala, ana dakika tatu, anaona soksi, ananunua. Nani atapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu kutafuta soksi? Jengo lile lilitoa paa, mlango na namba ya kizimba. Halikutoa miguu ya watu. Na biashara ndogo huishi kwa miguu ya watu. Ukitaka kujua mahali panafaa, hesabu wanaopita saa 12 jioni kabla hujachimba msingi.

Hebu sasa tuwasikilize wanaoamini usajili, kwa sababu wana hoja nzito. Mwaka 2004 Tanzania ilianzisha MKURABITA, mpango wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge, kwa kufuata fikra za Hernando de Soto, mchumi wa Peru. De Soto anasema maskini wana mali, ila mali hiyo imekufa kwa sababu haimo kwenye hati; iandike, itakopesheka. Uchunguzi uliofanywa na taasisi yake hapa nchini ulisema asilimia 98 ya biashara zetu ziko nje ya mfumo wa sheria. Fikra hii inavutia, na kwa upande wa ardhi ina ukweli mwingi. Kwa upande wa biashara ndogo, imepimwa uwanjani, tena kwa majaribio makini, na majibu yake hayakuwa yale yaliyotarajiwa. Sri Lanka, wachumi de Mel, McKenzie na Woodruff waliwapa wenye biashara zisizosajiliwa maelezo na ahadi ya kurudishiwa gharama za usajili. Karibu hakuna aliyejisajili. Wakaongeza dau. Kwa fedha inayolingana na faida ya nusu mwezi hadi mwezi mzima, mmoja kati ya watano alikubali. Kwa faida ya miezi miwili, kama nusu yao. Baadaye ilionekana kwamba faida ya wastani ilipanda, ila kwa sababu ya wachache waliokua kwa kasi. Wengi hawakuona tofauti. Na waliokataa fedha mkononi walitoa sababu gani? Kubwa miongoni mwa sababu zao ilikuwa suala la ardhi: hawakuwa na karatasi za mahali walipofanyia biashara. Nilitaka msikilizaji ulisikie hilo vizuri. Hata nje ya Afrika kabisa, mlango wa usajili ulikwama kwenye kizingiti cha mahali.

Jirani zetu wa Malawi wanatupa somo jingine. Huko Campos, Goldstein na McKenzie waliwasaidia wenye biashara ndogo kusajiliwa bure, na wakatenganisha usajili wa biashara na usajili wa kodi. Watu wengi wakajiandikisha, jambo linaloonyesha kwamba mtu hachukii kuandikwa, anachukia kuandikwa ili atozwe. Hata hivyo cheti peke yake hakikuongeza mauzo wala faida. Kilichosogeza mambo ni pale cheti kilipoambatana na kikao cha benki na akaunti ya biashara. Hapo mauzo yakapanda na faida ikapanda. Yaani karatasi ilifanya kazi ilipokuwa na kitu mgongoni. Benin nao walijaribu, na hesabu ya mwisho ikawa kwamba gharama ya kumshawishi mfanyabiashara mdogo ajisajili ilizidi kodi ambayo serikali ingepata kwake. Hesabu hiyo ingefaa kubandikwa kwenye ukuta wa ofisi yoyote inayopanga kukusanya mapato kwa kumkimbiza mwenye beseni la karanga.

Ambako mahali pametolewa, mambo huwa na sura nyingine. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi alifika Kamukunji, Nairobi, kwa mafundi wa mabati waliokuwa wakigonga nyundo juani, wale wa jua kali. Baada ya hapo wakajengewa mabanda na kuruhusiwa kukaa. Tunaweza kubishana juu ya siasa za ziara ile, na juu ya mabanda kwamba yalitosha au hayakutosha. Lakini mafundi walikaa. Na mafundi wanaokaa mahali pamoja hujifunza mmoja kwa mwingine, kwa sababu jirani yako akibuni pindo jipya la karai, unaliona mchana ule ule. Jiko la mkaa lenye udongo ndani na bati nje, lililobuniwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, lilienea kwa mikono ya mafundi wa namna hiyo, si kwa kiwanda kikubwa, na leo aina zake zinapatikana katika nchi nyingi za Afrika. Huwezi kupata mtandao wa ujuzi wa namna hiyo kwa watu wanaofukuzwa kila baada ya miezi sita. Fundi anayetegemea kuhama hanunui mashine nzito. Anabaki na nyundo, kwa sababu nyundo inakimbizika.

Durban, Afrika Kusini, walikwenda mbali zaidi. Warwick Junction ni makutano ya treni, mabasi na teksi ambako mamia ya maelfu ya watu hupita kila siku. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 manispaa iliamua kuwapangia wauzaji humo humo badala ya kuwaondoa. Wauza dawa za miti walipewa daraja la barabara ambalo lilikuwa halijamaliziwa, likageuzwa soko. Wapika vichwa vya ng'ombe wakatengenezewa sehemu zenye maji na njia ya kupitisha mafuta machafu. Wachemsha mahindi wakapata pa kuwashia moto bila kumuunguza mpita njia. Kilichonivutia zaidi ni kwamba maofisa walikaa na wauzaji kabla ya kuchora, kazi kwa kazi, maana mchemsha mahindi na muuza mizizi hawana shida moja. Mji ule haukuwa wa malaika: mwaka 2009, Kombe la Dunia likikaribia, manispaa hiyo hiyo ilitaka kuvunja soko la alfajiri lililokuwapo tangu 1910 ili kujenga duka kubwa la kisasa. Wauzaji wakaandamana, wakaenda mahakamani, mpango ukafutwa. Waliweza kusimama kwa sababu walikuwa na mahali pa kusimamia.

Sasa pingamizi. La kwanza hutoka kwa mwenye fremu ya duka. Anasema: mimi nalipa pango la miezi sita au mwaka kwa mkupuo, nina leseni, nina mashine ya risiti, halafu mtu anatandika bidhaa zile zile mlangoni pangu bila kulipa chochote, haki iko wapi? Malalamiko haya ni ya kweli na asiyeyajibu hana hoja. Yana pande mbili ambazo si rahisi kuzitenganisha, kwa sababu imesemwa mara nyingi kwamba baadhi ya wenye fremu wa Kariakoo ndio huwapa wamachinga mzigo wauze nje, ili usipite kwenye mashine ya risiti. Barabara na duka ni biashara moja yenye milango miwili, na kumfukuza wa nje hakumfanyi wa ndani atoe risiti. Lakini hata tukimchukua mwenye fremu mwaminifu kabisa, kilio chake kinamwelekea nani? Mei 2023, na tena Juni 2024, maduka ya Kariakoo yalifungwa kwa mgomo. Waliogoma hawakuwa watu wasio rasmi. Walikuwa na namba, leseni na mashine, wakalalamikia utitiri wa kodi na ukamataji wa mizigo. Kwa hiyo urasmi haukuwapatia hata wao ile amani ambayo mwenye kadi ya 20,000 alidhani ameinunua. Nikiwa mwenye fremu ningedai amani yangu iongezwe. Ya jirani ikipunguzwa, mimi sipati kitu. Na mwenye meza alipie mahali pake kwa bei inayojulikana, kwa risiti, kwa halmashauri, badala ya kulipa mikono mitano isiyo na jina. Hapo usawa anaoudai mwenye fremu ungeanza kuonekana.

Pingamizi la pili ni la mpita njia, na hili nalikubali karibu lote. Njia ya miguu ni ya miguu. Mama mwenye mtoto mgongoni asishushwe barabarani kwenye magari kwa sababu ya meza ya viatu; hiyo ni haki yake. Moto nao hauna huruma. Masoko yetu yameungua mara nyingi, na vibanda vya mbao vilivyobanana na nyaya za kuunga unga havisubiri mwenye kulaumiwa. Kutetea kukaa si kutetea kukaa popote. Ila hapa ndipo sheria ya India ya mwaka 2014 juu ya wauzaji wa barabarani inapostahili kusomwa na madiwani wetu: inataka wauzaji wahesabiwe kwanza, pasifukuzwe mtu kabla ya hesabu hiyo, na kamati ya mji inayopanga maeneo iwe na wauzaji wenyewe wasiopungua asilimia 40 ya wajumbe. Utekelezaji wake una kasoro tele, ila mpangilio wake wa kazi ni sahihi. Sisi mara nyingi huanza na tarehe ya mwisho ya kuondoka, kisha tukatafuta eneo.

La tatu ni la wachumi, nalo ndilo linalonisumbua. Rafael La Porta na Andrei Shleifer, katika makala yao ya 2014, wanasema biashara zisizo rasmi ni ndogo, tija yake ni duni, na kwa nadra sana hugeuka kuwa kampuni rasmi. Nchi hutajirika pale kampuni kubwa zinapoajiri watu na meza hizi kufifia zenyewe. Kwa hiyo kuzipamba ni kupamba umaskini. Sina takwimu za kuwapinga, na sidhani genge la mtaani litakuwa kiwanda. Lakini tuulize swali la kata badala ya swali la taifa. Diwani hana uwezo wa kuleta kiwanda. Ana uwezo juu ya taa, mtaro, choo, stoo na kipande cha ardhi karibu na kituo cha daladala. Kampuni kubwa zitakuja zikija. Hadi hapo watu wa kata wanakula kwa meza hizi, na ada za shule zinalipwa kwa meza hizi. Isitoshe, wale wachache wanaoweza kukua, kama wale wachache wa Sri Lanka, hawana alama usoni. Hujui ni yupi hadi akae vya kutosha. Fukuza wote kila mwaka, na utakuwa umethibitisha nadharia kwamba hakuna anayekua.

Nimalizie na jambo linalotokea ndani ya ofisi moja. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri za Tanzania kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni fedha nyingi, na nia yake ni njema. Mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa baada ya mabilioni kutorejeshwa, ikaja kufunguliwa tena 2024 kwa taratibu mpya. Tuliambiwa juu ya vikundi hewa na usimamizi mbovu, na hayo yalikuwapo. Kuna moja ambalo sikulisikia likisemwa kwa sauti: vikundi vingapi kati ya vilivyoshindwa kurejesha vilikuwa vinafanyia biashara mahali ambapo halmashauri ile ile iliyowakopesha iliwaondoa? Afisa maendeleo ya jamii yuko chumba hiki, ameshika orodha ya wadaiwa. Mgambo wanatoka mlango wa pili wa jengo hilo hilo, wameshika orodha ya meza za kuondolewa. Mtu akiziweka orodha hizo mbili juu ya meza moja na kupitisha kidole jina kwa jina, huenda akawakuta walewale.